Shavu la Kushoto

Kila Jumatano baada ya kengele ya mwisho, wanafunzi wa chama cha picha walibaki darasani na Mwalimu Kwamboka. Shule yao ya Mbwajumali ilikuwa na kamera moja tu, na kila mwanachama aliichukua nyumbani kwa zamu. Sharti lilikuwa moja: picha upige mwenyewe. Jumatano hiyo picha zilibandikwa ukutani, na tatu bora zingepelekwa kwenye maonyesho mjini Lamu.

Huwaida, msichana wa miaka kumi na miwili, alikimbilia picha yake. Alikuwa amempiga picha baba yake saa sita mchana, jua la utosi. Macho ya baba yalikuwa yamezama katika vivuli vyeusi, na nguzo iliyokuwa nyuma yake ilionekana kama imemwota kichwani. Wenzake walicheka. Huwaida naye alicheka, ila shingo upande.

Walipofika kwenye picha ya rafiki yake, Sundus, wote walisogea karibu. Ilikuwa ya Bi Kulthum, bibi yake Sundus, akisuka mkeka. Hakuwekwa katikati, aliketi upande mmoja, akitazama nafasi iliyoachwa wazi. Mashavu yake yote mawili yalikuwa na nuru.

Huwaida alikunja uso. Chumba kile alikijua vyema. Kina dirisha moja dogo, mkono wa kulia wa pale anapoketi bibi. Shavu la kushoto limepata wapi nuru? Halafu akakumbuka: Mahir, binamu yake Sundus anayepiga picha za harusi, alishuka bandarini Mtangawanda wiki ileile.

"Ile si kazi ya Sundus," alimnong'oneza mwenzao Afra walipotoka. "Amepigiwa na Mahir."

Afra hakuweza kulala na neno kifuani. Kesho yake darasa zima lilikuwa likimtazama Sundus kwa jicho la pembeni. Mmoja alimwita mwizi. Sundus alikwenda ukutani, akabandua picha yake.

"Kama mwasema si yangu, basi isende Lamu," alisema.

Afra alipomweleza, Mwalimu Kwamboka alimwita Huwaida. "Ulimwona Mahir akipiga picha ile?"

"La, Mwalimu. Lakini ile nuru..."

"'Lakini' si ushahidi. Jioni tutakwenda tukaone."

Walimkuta Bi Kulthum chumbani mwake. Sundus, macho mekundu, hakumsemesha Huwaida. Alimketisha bibi yake karibu na dirisha. Shavu la kulia likang'aa. La kushoto likabaki giza. Nilijua, Huwaida aliwaza.

Sundus akaingia jikoni, akatoka na sinia la bati lililosuguliwa likametameta. Akalisimamisha juu ya kigoda, upande wa kushoto, akaligeuza polepole. Nuru ya dirishani ikagonga sinia, ikarudi usoni mwa bibi. Giza likatoweka shavuni.

Masikio ya Huwaida yalipata moto. Hata hivyo shaka haikumtoka yote. "Na Mahir je?"

Bi Kulthum alicheka. "Mahir alikuja na homa, mwanangu. Siku tatu kalala chumba cha pili, hata uji hautaki. Alonisumbua ni huyu. 'Bibi, geuka! Bibi, inua kidevu!' Mtele wangu wa kupika haukupetwa, sinia kalitwaa yeye."

Huwaida aliinama. "Nisamehe, Sundus."

"Waliniita mwizi," Sundus alijibu. "Wewe hukuwaambia wanyamaze."

Asubuhi iliyofuata, bila kuamrishwa, Huwaida alisimama mbele ya darasa. Alisema kwamba uvumi ule ulianza kinywani mwake, na kwamba haukuwa kweli. Picha ya Sundus ilirudishwa ukutani, na wiki iliyofuata ikapelekwa Lamu. Urafiki wao ulichelewa zaidi kurudi. Zilipita siku nyingi kabla Sundus hajamwita waketi pamoja.

"Mwalimu, nilikosea kuwa na shaka?" Huwaida aliuliza siku moja.

"Hukukosea kuona jambo usilolielewa," Mwalimu Kwamboka alimjibu. "Jicho lako ni zuri. Shaka ikikujia, iulize kwanza, usiitangaze. Lile swali lako lilikuwa la Sundus, Huwaida. Wewe ukampelekea Afra."