Nyeupe kwa Bertilla, Nyeusi kwa Mama

Bertilla aliweka kiganja ukutani, akakiondoa kimejaa tope jeusi.

— Asajile, nani amepaka chumba hiki?

Asajile alikuwa mlangoni na baiskeli yake, ndiyo kwanza anatoka ofisi ya kilimo alikokuwa karani. Akasema ni unyevu. Akaeleza kirefu jinsi nyumba mpya inavyonywa maji, na jinsi udongo mweupe ukishalowa unavyobadilika rangi. Alieleza vizuri, ila macho yake yalikuwa kwenye kengele ya baiskeli.

— Unyevu hauna vidole, Asajile. Hapa kuna alama za vidole.

Siku mbili nyuma Bertilla alikuwa amekipaka chumba kile udongo mweupe kwa mikono yake. Chokaa ilikuwa imeadimika mwaka ule watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, duka la ushirika lina chumvi na majembe tu. Basi aliuchimba udongo huko Mollo, alikokuwa akifundisha kisomo cha watu wazima, akaubeba kichwani hadi Malangali, ilipo nyumba hii mpya ya Asajile. Na kabla ya kuuchimba alimuuliza mchumba wake, nyeupe au nyeusi? Asajile akajibu nyeupe, tena akasifia.

Bertilla alikuwa na sababu yake. Alikulia Mpui, katika nyumba yenye kuta nyeusi tii, ambamo hata mchana watu walijuana kwa sauti. Aliapa kwamba akiolewa, akifungua macho asubuhi auone uso wa mumewe. Kanisani ndoa yao ilikuwa imeshatangazwa Jumapili mbili. Ilibaki moja.

Alipombana sana, Asajile akatoa mfukoni karatasi ya simu ya maandishi iliyotoka Tukuyu: NAFIKA JUMATATU NIPOKEE. MAMA.

— Leo Jumatano. Mama yuko wapi?

— Kwa ndugu yetu Isakwisa, pale sokoni. Alitaka aione nyumba kwanza, halafu ndiyo akuone wewe.

Mama alikuwa ameiona. Akasema ukuta mweupe unaonyesha kila doa, na mke mgeni atasemwa na majirani kabla hata hajazaa. Akauliza kama wapake mweusi. Asajile akasema ndiyo, mama.

— Ulimwambia kwamba ule weupe niliupaka mimi?

— Nilimwambia ni mafundi.

Bertilla alichota maji, akakoroga udongo mweupe uliobaki, akaanza kupaka upya juu ya ule mweusi, na Asajile akamshikia ndoo kwa adabu zote. Mwanaume wa namna hii anatia hasira kuliko mlevi. Mlevi unajua atalala, huyu anakubali tu, kwako anakubali na kwa jirani anakubali, na wewe unabaki hujui umeolewa na nani.

Usiku ule Bertilla hakutulia. Aligeuka huku, akageuka kule, hadi mdogo wake Margareth aliyelala naye akahama na blanketi. Kilichomsumbua hakikuwa udongo. Alijiuliza, siku mama mkwe akisema huyu Mfipa simtaki, Asajile atajibu nini? Jibu alilijua, ndiyo maana usingizi ulikataa.

Asubuhi alikwenda Malangali, maana darasa lake lilikuwa la jioni. Alimkuta mama mmoja mnene amejifunga kitenge kiunoni, mikono myeusi hadi kwenye viwiko, ameshamaliza kuta mbili na nusu.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Ndiye fundi wewe? Maana mnanisumbua, napaka mnafuta.

— Mimi ndiye Bertilla.

Mama Tusajigwe, mama yake Asajile, akaacha kupaka. Alimtazama yule binti, akautazama ukuta, kisha akapindua ndoo tupu na kuikalia.

— Kwa hiyo mafundi ni wewe.

— Na ule unyevu alioniambia Asajile ni wewe, mama.

Wakacheka wote wawili, wakacheka hadi mama akafuta machozi kwa pembe ya kitenge. Halafu mama akasema taratibu kwamba anaona aibu kwa ajili ya mwanawe. Marehemu mumewe alikuwa mkali, lakini neno lake ulilijua. Hata hivyo rangi hakuilegezea kamba. Alisisitiza kwamba nyeusi ndiyo rangi ya nyumba ya watu wanaofanya kazi, Bertilla naye akasisitiza yake, kwa heshima, akimwita mama kila baada ya maneno mawili. Walibishana hivyo hadi Asajile alipokuja kula mchana.

Alipowaona pamoja aliegesha baiskeli taratibu. Akajaribu kutabasamu.

— Tunaweza kupaka nusu kwa nusu. Chini nyeusi, juu nyeupe.

— Hiyo ni rangi ya ofisi ya serikali, — alisema mama. — Unataka kulala ofisini?

Bertilla alisimama mbele ya Asajile.

— Kesho ukiambiwa mimi sifai, utasema ndiyo, mama. Nikikuuliza, utaniambia ni unyevu. Nakupenda, Asajile, lakini siwezi kuishi hivyo. Sema rangi unayoitaka wewe, hapa, mbele yetu sote. Ukishindwa, naenda kwa padri nimwambie Jumapili asisome majina yetu.

Asajile alitazama chini. Upepo wa Juni ulikuwa unapiga bati juu yao. Walisubiri hadi mama akaanza kufungua mdomo amsaidie mwanawe, Bertilla akamzuia kwa mkono.

— Nyeusi, — alisema Asajile.

Mama akatabasamu. Bertilla akakunja kanga yake, akageukia mlango.

— Si kwa ajili yako, mama. Ngoja, Bertilla. Mama, unakumbuka nililazwa hospitali nikiwa mdogo? Mimi na baba tuliugua pamoja, wakatulaza wodi moja, kitanda changu kikiangalia chake. Kuta zote nyeupe. Alikufa usiku. Nilikuwa macho. Nilibaki naangalia ule weupe hadi wakaja kumfunika. Chumba cheupe silali. Tangu Jumatatu nalala sebuleni kwenye mkeka.

— Waliniambia ulikuwa umelala, — mama alisema. — Miaka yote hii nashukuru kwamba ulikuwa umelala.

— Nilijua unashukuru. Ndiyo maana sikusema.

Mama akaanza kulia. Bertilla akarudi kutoka mlangoni, akamshika Asajile shavu kwa mkono ule ule uliokuwa umekunja kanga kwa hasira.

— Na tangu siku hiyo hujamwambia mtu yeyote hapana.

— Leo naanza. Mama, ndoo uiache. Chumba hiki tutakimalizia mimi na Bertilla.

Mama aliitikia kwa kichwa, ingawa ilimuuma, na ilionekana ilimuuma. Bertilla naye iliendelea kumuuma, maana nyeusi ni nyeusi, hata ikiwa na sababu. Alikizunguka chumba, akasimama mbele ya dirisha, ambalo mwashi alilifanya dogo kama yanavyofanywa mengi huku kwetu kwa kuogopa baridi.

— Umenikatalia weupe, nimekubali. Sasa na wewe ukubali langu. Dirisha hili ulibomoe, uweke kubwa upande wa mashariki. Usiku chukua wewe. Asubuhi ni yangu.

— Mtakufa na upepo wa Ufipa, — alisema mama.

— Tutajifunika, mama, — alijibu Asajile.

Jumamosi Asajile alilitoboa dirisha jipya kwa sururu, na mama Tusajigwe alisimama pale pale kwenye upepo kutwa nzima akimwelekeza, bila kuombwa. Jumapili padri akasoma majina yao mara ya tatu, akauliza kama yupo anayejua kizuizi chochote. Kanisa zima likakaa kimya. Katikati ya kimya kile mama akakohoa, kikohozi kikubwa cha kifuani, na vichwa vyote vikamgeukia.

— Ni baridi ya dirisha lao, baba padri, — alisema. — Endelea.