Sauti Kwenye Chumba cha Babu

Kila alipotoka shule, Sirine alipitia kwa Bibi Mabrouka, akala mkate wa tabuna, ule uliookwa kwenye tanuri la udongo, kwa mafuta ya zeituni, kisha akaingia chumba cha nyuma kusoma kwenye kompyuta ya babu. Babu Tijani alikuwa amefariki mwaka uliopita. Enzi za uhai wake alijirekodi humo akisimulia habari za mji wao wa Kef, na sauti yake haikuwepo kwingine kokote.

Alasiri moja ya baridi, Sirine na bibi walikuwa jikoni wakimenya vitunguu. Upepo ulikuwa ukitikisa madirisha. Mara wakasikia mtu akikohoa chumba cha nyuma, kisha sauti waliyoijua.

"Haya, sogeeni karibu. Leo nawaambia habari za kisima."

Kisu kilimponyoka bibi. Wakaenda wakiwa wameshikana mikono. Chumbani hapakuwa na mtu, ila kompyuta ilikuwa inawaka. Kimshale kilitembea chenyewe kwenye kioo, polepole, kikifungua picha za familia moja baada ya nyingine. Juu ya kioo, taa ndogo ya kamera ilikuwa imewaka kijani.

"Amerudi," bibi alinong'ona. "Sijui anataka nini kwangu."

Sirine alichomoa waya wa umeme, akikwepa macho ya bibi. Siku mbili kabla alikuwa ameazima flashi ya rafiki yake Yosr, yenye mchezo wa mbio za farasi. Mchezo ulimtaka kwanza azime programu ya kuzuia virusi, naye akaizima.

Usiku huo bibi hakupata usingizi. Asubuhi alichoma ubani, akaifunika kompyuta kwa shali. Shuleni Sirine alimvuta Yosr pembeni, akamweleza yaliyotokea.

"Hata ya kwetu kamera inajiwasha," Yosr alisema. "Nyamaza tu. Mama akijua nimekwisha."

Jioni, bibi alipotoka kwenda kwa jirani, Sirine aliondoa shali na kuwasha kompyuta ili aufute ule mchezo kimyakimya. Alikuwa bado anautafuta, mara taa ya kijani ikawaka. Maneno yakaanza kujiandika kwenye kioo, herufi moja moja.

"Leo bibi yako yuko wapi?"

Sirine aliruka kutoka kitini. Akakimbia hadi posta, ambako Hayet, karani wa hapo, alikuwa akifunga dirisha lake la kazi. Kila Jumamosi Hayet na wenzake walikaa nyumba ya vijana wakisafisha kompyuta za watu bila malipo.

"Dada Hayet, kompyuta ya babu inazungumza nami."

Hayet hakucheka. Alichukua mkoba wake, wakaenda. Bibi alikuwa amesharudi. Hayet alichomoa waya wa intaneti kwanza, ndipo akakaa.

"Huyu si marehemu, bibi," alisema baada ya kuchunguza. "Ni mtu aliye hai, yuko mbali. Programu mbaya imemfungulia mlango, naye anapekua vitu vyenu, anafungulia rekodi za babu na kuwatazama. Huu mlango naweza kuufunga. Lakini nisipojua programu imetoka wapi, siwezi kuwasaidia wengine."

Sirine alitazama sakafu. Kisha akayaona macho ya bibi, mekundu kwa kukosa usingizi.

"Ni mimi," alisema. "Nilizima kinga ili nicheze. Na Yosr anao mchezo huohuo. Nilikuacha ukidhani ni babu, bibi. Nisamehe."

"Ungeniambia jana," bibi alisema, "ningelala."

Hayet aliipokea flashi. Aliifungua kwenye kompyuta yake ya majaribio isiyounganishwa popote, akanasa nakala ya kirusi, kisha akaipeleka kwa watu wa kujitolea wa nchi nyingine ambao kazi yao ni kuvichambua virusi na kuzifundisha programu za kinga kuvitambua. Jumamosi, Sirine na Yosr walizunguka naye nyumba za wanafunzi wenzao. Mchezo ulikuwa umesambaa, kamera nyingi zilikuwa zikijiwasha, na karibu kila mtoto alikuwa amenyamaza.

"Yule mtu hakuwa na nguvu za ajabu," Hayet aliwaambia. "Nguvu yake ilikuwa aibu yenu. Kukosea si ajabu, hata mimi nimewahi kudanganywa. Lakini kosa lililofichwa linamwachia mwizi nafasi ya kuingia kwa jirani. Semeni mapema. Hata kusema ni kazi ya kujitolea."

Wiki iliyofuata Sirine alikuwa mezani nyumba ya vijana, akiwapokea wenye kompyuta. Mwoka mikate mzee aliingia akiwa amekumbatia kompyuta yake, akatazama huku na huku, akainama karibu.

"Binti yangu, usinicheke. Yangu inacheka yenyewe dukani, nikiwa peke yangu."

Sirine alimsogezea kiti. "Sicheki, baba. Kaa, uniambie ilianzaje."