Ushindi wa Dirishani

Kila Alhamisi chakula cha shuleni kilikuwa supu ya njegere, na kila Alhamisi Iiris aliinywa haraka mpaka akaungua ulimi, maana akili yake ilikuwa imeshatangulia nyumba ya vijana, walikokusanyika watoto wa mji baada ya shule. Masomo yakiisha alivuka daraja, akavua viatu mlangoni kama kila mtu, akaingia chumba cha kompyuta na soksi zake za sufu.

Alhamisi ilikuwa siku ya visu. Siku nyingine walicheza mchezo wao wa askari wa kwenye kompyuta kwa bunduki, lakini Alhamisi bunduki ziliwekwa kando, kila mtu akabaki na kisu kimoja tu. Aliyeguswa na kisu alitoweka kama moshi, kwani Marketta, mlezi wa nyumba ile, hakutaka kuona damu hata ya kuchora. Siku hiyo mwenye mbio hakuwa na lake. Aliyeshinda ni yule aliyejua kunyata.

Na hakuna aliyejua kunyata kama Tuukka. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mmoja zaidi ya Iiris, mvulana wa maneno machache, na ndiye aliyemfundisha kila kitu.

"Unakimbia tena," alimwambia siku za mwanzo. "Mimi huku nakusikia toka ghorofa ya chini. Unatembea kama ng'ombe juu ya mabati."

"Sasa nikienda polepole si nitafika kesho?"

"Fika kesho, lakini ufike mzima. Pita kwenye zulia, usikanyage mbao. Adui akisimama, na wewe simama. Akitembea, tembea naye, hatua zake zifunike zako. Na taa isiwe nyuma yako, kivuli kitakutangulia mlangoni."

Desemba ikafika, na pamoja nayo mashindano ya visu katika mji wa jirani, kwa watoto wasiozidi miaka kumi na mitatu. Nyumba yao ilipewa nafasi moja, nayo ingekwenda kwa atakayewashinda wenzake wote. Tuukka aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. "Kwenye mpira wa magongo wa barafuni huwa nachaguliwa wa mwisho," alimwambia Iiris. "Hiki ndicho kitu changu."

Wakabaki wawili kwenye fainali, Tuukka na Iiris, wakiwa wameketi wanatazamana, kila mmoja nyuma ya kompyuta yake. Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri na nje giza lilikuwa limeshaingia, kwani huko kaskazini ya mbali jua la Desemba huzama mapema. Mapazia hayakuwepo. Marketta alikuwa ameyashusha ayafue, kwa kuwa usafi wa Krismasi ulikuwa umeanza mji mzima. Iiris aliinua macho, akaona dirisha nyuma ya Tuukka limekuwa jeusi kama kioo cha kujitazamia, na ndani yake, pembeni mwa bega la Tuukka, kioo cha kompyuta yake kinaonekana chote, kushoto kukiwa kulia.

Angeweza kusema. Alifungua hata mdomo. Kisha akaona mle dirishani askari wa Tuukka anajificha nyuma ya mlango wa jiko, akafunga mdomo.

Alimgusa kwa kisu mara tatu mfululizo.

"Ulinisikia?" Tuukka aliuliza, akivua vipokea sauti.

"Nilikusikia."

"Hata kwenye zulia?"

"Hata kwenye zulia," Iiris akasema, na uso ukamwaka moto.

Tuukka alimpa mkono. "Basi umestahili," akasema, akaenda kuvaa viatu.

Jumamosi Iiris alikwenda mashindanoni. Huko kompyuta zilielekea ukuta, na akatolewa raundi ya kwanza. Kushindwa kwenyewe hakukumuuma sana. Kilichomuuma alikikuta Alhamisi iliyofuata, mezani shuleni, pale Tuukka alipokuwa akikoroga supu bila kuinywa.

"Leo tunacheza?" Iiris akamuuliza.

"Mimi nimeacha. Miezi mitatu najifunza, wiki hii nimerudia kila hatua, na bado sijui ulinisikiaje kwenye zulia. Basi hata hili siliwezi."

Aliyasema bila hasira, na Iiris angefurahi kama angemfokea.

Alasiri alimkuta Marketta juu ya ngazi akitundika mapazia mekundu. Akamweleza yote, macho yakiwa sakafuni. Marketta akashuka taratibu.

"Kuacha dirisha bila mapazia ni kosa langu. Kutazama ni kosa lako. Tuukka umemwambia?"

"Bado. Mwambie wewe, Marketta, tafadhali."

"Mimi sikumdanganya. Nenda, niko hapa."

Iiris alimkuta Tuukka uani kwao akizoa theluji kwa koleo.

"Sikukusikia," akamwambia. "Hata mara moja. Niliona kompyuta yako dirishani, halafu nikakudanganya."

Koleo lilisimama. "Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Naomba unisamehe."

"Wiki nzima nimejilaumu," Tuukka alisema. "Wiki nzima, Iiris." Akamalizia kuzoa njia yote mpaka getini ndipo akasema, "Haya, twende. Lakini mapazia yafungwe."

Walicheza mapazia yakiwa yamefungwa. Iiris alitega masikio, akasikia pumzi zake mwenyewe tu, kisha akatoweka kama moshi. Mara ya pili vilevile. Tuukka alitabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza toka siku ile.

"Si Tuukka aende mashindanoni mwakani?" Iiris akamwuliza Marketta walipokuwa wakifuta meza.

"Mwakani atakuwa na kumi na minne. Hawatampokea."

Hapo Iiris akalia.

Marketta alimpa kitambaa, akaketi karibu naye. "Nafasi ile hatuwezi kumrudishia, wewe wala mimi. Ungemshinda kwa haki, angejua pa kujirekebisha. Ulipomdanganya, alirekebisha mahali ambapo hapakuwa na kosa, mpaka akakata tamaa. Umesema kweli, na umefanya vyema. Siku nyingine iseme siku ileile, wakati bado inaweza kumsaidia mtu."

Tangu hapo, kila Alhamisi kabla ya kuketi, Iiris huenda kwanza dirishani akavuta mapazia, kisha humgeukia Tuukka na kumwuliza kama yamefungwa vizuri.