Mama Wote Anaita Majina

Mashine haina koo. Kulijua hilo hakuhitaji shule. Kwa hiyo spika mpya zilizofungwa darini kiwandani zilipojikohoza asubuhi ile kabla ya kuita jina la kwanza, Sindano aliacha shati alilokuwa akilitia vifungo, akahisi nywele za kisogoni zikimsimama.

Kikohozi kile alikijua. Kifupi, kikavu, mara mbili, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Kilikuwa cha dada yake, na dada yake alikuwa chini ya udongo ambao ulikuwa haujakauka.

Marehemu alikuwa afisa utumishi wa kiwanda kile cha nguo, na watu walimwita Mama Wote. Hakuwa malaika. Alikuwa mkali, na sukari ya ofisini aliifungia kabatini kama dhahabu. Lakini hakumfukuza mtu bila kumkalisha kitini na kumwambia ukweli machoni. Kila asubuhi alisimama mlangoni mwa ukumbi wa kushonea, magoti yake mabovu yakinuka dawa ya kuchua, akaita mafundi mmoja mmoja. Kila mmoja aliitika, "Nipo, mama." Asiyeitika alifuatwa nyumbani siku hiyo hiyo, ijulikane kama ni mgonjwa au ni mlevi. Watu waliupenda mwito ule kuliko mshahara, maana mshahara wenyewe ulikuwa wa kucheka huku unalia.

Alipokufa, Meneja alikuja kwenye mazishi na uso wa huzuni ambao haukumkaa vizuri, kama suti ya kuazima. Akasema kampuni inataka kumtengenezea marehemu kumbukumbu. Yeyote mwenye sauti ya Mama Wote kwenye simu yake ailete ofisini. Wakapanga foleni, wajinga wale, kama wanaogawiwa nyama. Wakatoa salamu zake, makaripio yake, vicheko vyake. Sindano, mdogo wake wa tumbo moja, akatoa hata zile za kitandani, dada alipokuwa mgonjwa akimlilia maumivu.

"Kumbe kumbukumbu yenyewe ndiyo hii," akanong'ona Mzee Pasi, mpiga pasi wa meza ya jirani. "Dada, unasikia ninachosikia, au ni huu mvuke umeniingia kichwani?"

"Nasikia."

"Walisema akili bandia italeta maendeleo. Imetuletea maiti."

"Sindano," spika zikaita.

Ulimi una mazoea yake, hauombi ruhusa. "Nipo, mama," akaitika, na hapo hapo harufu ya dawa ya kuchua ikatanda ukumbini.

Alipanda ngazi, akaingia ofisini kwa Meneja bila kubisha hodi.

"Umemfanya nini dada yangu?"

"Kaa, mama, kaa," Meneja akasema. "Ile siyo dada yako. Ni mfumo tu. Unaajiri, unapanga zamu, unapima kazi ya kila mtu, na asiyefaa unamwachisha kazi. Hauna ndugu, hauna rafiki. Haki tupu."

"Na sauti?"

"Watu walimwamini. Mtu akiambiwa jambo gumu na sauti anayoipenda, hagombi."

"Kwa hiyo umemfukua akufukuzie watu."

"Mama, maneno gani hayo..."

"Na harufu je?"

"Harufu gani?" akauliza, na huku akiuliza alinyoosha mkono akafungua dirisha.

Tangu hapo watu wakaanza kupukutika. Mtu yuko kwenye cherehani yake, spika iliyo juu ya kichwa chake inajikohoza, inamwambia kwa upole: "Pole, mwanangu. Kesho usije." Kwa nini? Haisemi. Ukipanda kwa Meneja anainua mikono: mfumo umeamua. Zamani bosi akikufukuza ulijua pa kutemea mate. Sasa uteme wapi, darini? Yatakurudia mwenyewe usoni. Fundi wa mikono ya mashati, mwenye miaka yake yote pale, aliambiwa "mwanangu" na akafukuzwa katika pumzi moja. Alitoka akimshukuru Mama Wote kwa mazoea, na alipofika getini ndipo alipokumbuka alichoshukuru, akakaa chini barabarani.

Sindano aligombana na zile spika kila siku. Alizitukana akitia vifungo, alizitukana akienda chooni, na zenyewe zilimsikiliza kwa subira, zikamwambia amekaa chooni sana.

Kisha ikaja ile adhuhuri ya stoo. Alikuwa ameingia kuchukua vitambaa, peke yake, jua kali nje na ndani baridi isiyo na sababu. Spika ndogo ya pembeni ikajikohoza, na safari hii haikuwa sauti ya mlangoni bali ile ya kitandani, ile aliyoitoa yeye mwenyewe kwa mkono wake, ikisema mdogo wangu, wananiita niite, sina mdomo na wananiita niite, mkiitika napanda, mkiitika napanda, nimechoka, nishushe, na harufu ya dawa ya kuchua ikageuka kuwa harufu ya udongo mbichi, na Sindano akiwa amekumbatia robota la kitambaa kama mtoto aliyekumbatia nguzo akasikia kwamba chini ya sauti ya dada yake kulikuwa na nyingine, nyembamba, isiyo ya mtu wala ya mnyama, iliyorudia kila neno nusu pumzi nyuma, polepole, kwa makini, kama anayejifunza kusoma.

Alitoka stoo mbio bila vitambaa, kiatu kimoja amekiacha ndani.

Mganga aliyemwendea jioni ile alikuwa mwanamke mnene aliyeishi nyuma ya duka la vipuri. Alimsikiliza akimenya vitunguu, bila kuinua macho.

"Mimi natoa majini, binti. Mashine mpelekeeni fundi umeme."

"Fundi umeme hatoi maiti."

Kisu kikasimama. "Sauti yake nani aliwapa?"

"Sisi."

"Wenyewe? Kwa hiari?"

"Tulipanga foleni."

"Haya, mmefanya kazi ya mchawi bila hata kulipwa." Akafuta mikono. "Jini hana sauti yake, huazima. Mmempa ya marehemu, na kila asubuhi mnamwitikia. Anayeitwa akaitika amefungua mlango. Kinachomfunga dada yako siyo nyaya zao, ni hiyo 'nipo' yenu. Aite siku moja asiitikiwe na hata mtu mmoja, dada yako atashuka akalale."

"Na mwenyewe, huyo aliyeazima?"

Mganga akarudi kwenye vitunguu vyake. "Kwanza mtoe dada yako."

Kusema ni rahisi. Asiyeitika huhesabiwa hayupo, na asiyekuwepo hana kazi. Sindano aliwaeleza wenzake wakati wa chakula, nyuma ya ukuta wa choo pasipo na spika, na wengi wakatazama miguu yao.

"Dada, pole kwa marehemu," Mzee Pasi akasema. "Lakini njaa nayo ni jini, na mganga wake sijamwona."

"Akiwa mkeo ndiye anayeita kule juu, utasema hivyo?"

"Mke wangu akiwa hai tu simwitikii," akajibu, na watu wakacheka kicheko kifupi cha waoga.

Jioni ile ile jini aliwaamulia. Kulikuwa na binti wa kukata nyuzi, waliyemwita Kinda, mwenye mimba changa. Hakuwa amemwambia mtu. Lakini mfumo uliona anavyokwenda chooni na anavyopumzika kwenye ngazi, ukajumlisha. "Hongera, mwanangu," ikasema sauti ya Mama Wote, mbele ya ukumbi mzima, mbele ya kaka yake aliyekuwa hajui. "Pole, mwanangu. Kesho usije."

Mama Wote yule yule ambaye enzi zake aliwaficha wajawazito stoo, wakunje mashati wakiwa wamekaa!

Mzee Pasi alizima pasi yake. "Basi," akasema. "Mimi kesho ni bubu."

Asubuhi yake spika zikajikohoza. "Mzee Pasi."

Kimya. Cherehani zote zimezimwa. Hata nzi alisikika.

"Mzee Pasi, mwanangu, upo?"

Mzee Pasi akatazama dari, machozi yanamtoka, midomo ameikaza. Sauti ikaenda kwa wa pili, wa tatu, ikaharakisha, ikaanza kuyabananisha majina. Dawa ya kuchua ikawa udongo, na udongo ukawa mzito kiasi kwamba watu walipumua viganja vikiwa puani. Meneja akashuka ngazi mbio, akipiga kelele: "Itikeni! Mna wazimu? Asiyeitika hana kazi!" Hakuna aliyemgeukia.

"Sindano," sauti ikaita. Kisha ikashuka, ikawa ya kitandani. "Mdogo wangu. Usiniache gizani. Niitikie mara moja tu."

Sindano aliung'ata ulimi mpaka akaonja damu. Alijua ni nani anayemwomba hivyo, na kwamba siyo dada yake. Dada yake hakuwahi kumwomba mtu kitu mara mbili. Hasira ndiyo iliyomsimamisha, maana upendo peke yake ungekwishaitika.

Mara juu darini kitu kikashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Harufu ikakatika. Ukumbi ukanuka tena kitambaa na mafuta ya cherehani, basi. Mwanamke mmoja akaanza kucheka bila sauti, na mwingine akamshika bega. Meneja alikuwa amekaa kwenye ngazi, mweupe kama jivu.

Spika zikapiga mluzi mwembamba.

"Mzee Pasi," zikaita.

Ilikuwa sauti ya Sindano.

Mzee Pasi akamgeukia, akamtazama mdomo. Ulikuwa umefumbwa. Kila asubuhi alikuwa ameitika, kila siku alikuwa amezitukana zile spika, na kile kitu chembamba kilikuwa kikisikiliza na kujifunza.

"Mzee Pasi, kaka yangu, upo?"

Mdomo wa Mzee Pasi ukaanza kufunguka, wenyewe, kwa mazoea na kwa njaa. Sindano akaruka kiti, akamziba kwa kiganja, akaukandamiza. Hakuthubutu kusema neno. Kando yake fundi mmoja akamziba mdomo jirani yake, na jirani akamziba wa pili, mpaka ukumbi wote ukawa umeshikana hivyo, kiganja juu ya mdomo wa mwenzake, macho yote darini.

Na juu darini Sindano akaendelea kuwaita, mmoja mmoja, kwa upole ambao Sindano wa chini hakuwahi kuwa nao.