Kitako cha Gorogoro

Giza lilikuwa linaanza kuingia mtaani Majengo, Kavutha alipomfunga mwanawe Nzivo mgongoni kwa leso na kurudi kwenye kibanda chake cha maharagwe. Hakwenda kuuza. Alikwenda na nyundo kunyoosha kitako cha gorogoro, mkebe wake wa kupimia.

Kitako hicho alikigonga mwenyewe kikaingia ndani, ili mkebe uonekane umejaa kumbe umepungua konzi nzima. Nani sokoni asiyejua ujanja huo? Basi wiki tatu zilizopita mama mmoja asiyemjua alipimiwa, akautazama mfuko wake, akasema polepole, "Kilichopungua nitakichukua kwako."

Kavutha alicheka. Tangu siku hiyo, kila alipouza, Nzivo alipungua. Mtoto ananyonya, hana homa, haharishi, na anakwisha tu. Kliniki walimpima wakatikisa vichwa. Kavutha alilia mpaka machozi yakamkauka.

Aligonga.

Ngo... ngo... ngo.

Kitako kikarudi mahali pake. Ndipo harufu ya udongo mbichi ikamfikia. Alipoinua macho, foleni ilikuwa imepangwa, watu kimya, kila mmoja na mfuko wazi. Mbele kabisa alisimama yule mama.

"Tupimie," alinong'ona.

Kavutha akapima. Gorogoro ya kwanza, ya pili... kwenye ya tatu mgongo ukaelemewa. Nzivo alikuwa ameongezeka uzito!  Akazidi kupima, akijaza mpaka maharagwe yakimwagika.

"Abaayo, dada yangu, unampimia nani?"

Alikuwa Amino, muuza mchele wa kibanda cha pili, amewasha tochi ya simu.

"Hawa wateja. Niache, Amino, mtoto wangu anarudi."

"Wateja gani? Mimi sioni mtu." Amino alimulika chini. Sauti yake ikashuka. "Na hayo maharagwe unayomwaga... mbona hapa chini hakuna hata moja?"

 Kavutha alitia mkono guniani akakuta vumbi tu. Akaitazama foleni. Ilikuwa imefika mpaka kona ya msikiti, na nyuso zote alizijua, maana wote walikuwa wamewahi kununua kwake. Katikati yao alisimama Amino, na mfuko wake wazi.

Amino huyu wa tochi alimshika bega. "Twende nyumbani, dada. Gunia limekwisha."

"Bado sisi," alinong'ona yule mama.

Kavutha alipeleka mikono nyuma kumshika mwanawe. Leso ilikuwa imeanza kulegea, na mgongo ukawa mwepesi tena.