Kidude Kilichobandikwa Plasta

Kidude kile cha ubavuni mwa kamera kilikuwa kimebandikwa plasta, na hilo peke yake lingemtosha mtu mwenye akili zake. Lakini Mama Picha, kama wateja walivyomwita, hakuwa mtu wa kushindwa na chombo. Kamera ile kuukuu ya filamu pana aliinunua kwa mjane wa mpiga picha mwenzake, na tangu asubuhi alikuwa akiibembeleza kama mkwe. Haichunguliwi kwa nyuma, huchunguliwa kwa juu. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, naye akainama. Kwenye kioo chake, kulia kulikuwa kushoto.

Akamkalisha bintiye, mwanawe wa pekee, kwenye kigoda. Akabandua plasta, akasukuma kidude, akafyatua. Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa studio.

Wakati wa kula, binti alishika kijiko kwa mkono wa kushoto. Mama akacheka, akamwambia aache utani. Kisha akaliona lile doa la kuzaliwa, lililokuwa shavu la kulia tangu alipomzaa: limehamia la kushoto.

Alijifungia chumba cha kusafishia picha, akampigia mjane simu, akamweleza yote kwa kunong'ona.

"Kidude kile ni kufuli, mdogo wangu," akasema mjane. "Marehemu mume wangu alimnasa jini kwenye picha ya mwisho, akafunga, asije mtu akapiga juu yake. Filamu haikusogea, nawe umepiga juu ya picha ileile. Mwanao amechukua nafasi yake humo, na jini ametoka."

"Nifungue kamera nimtoe?"

"Usithubutu. Mwanga ukigusa filamu, aliyemo anaungua."

Hofu ikamshika kweli sasa, hofu ya mzazi, isiyo na dawa. Akakumbuka kwamba kamera ameiacha mezani, karibu na dirisha, akafungua mlango taratibu, na harufu ile ikamlaki, na pale mezani, juani, yule mwenye sura ya mwanawe alikuwa ameipakata kamera, ukucha wa mkono wa kushoto umeingia chini ya kifuniko cha nyuma, huku ndani ya kamera sauti ndogo anayoijua ikimuuliza mama mbona kumekuwa giza.

"Mama," akasema aliyeketi, kwa upole, "nimfungulie?"