Kosa Halikuwa la Mchuzi

Violeth anapika chakula Isaka, karibu na maegesho ya malori. Madereva wanaopeleka mizigo Rwanda na Burundi wanamwita Mama Hosiana. Asubuhi wanakunywa supu kwake. Mchana wanakula ugali au wali kwa mchuzi wa nyama. Mume wake, Mayala, anapakia na kupakua mizigo katika bandari kavu. Jioni anampitia, wanafunga banda na kurudi nyumbani pamoja.

Binti yao Hosiana alikuwa darasa la sita. Siku moja baada ya masomo alikuwa anamenya vitunguu bandani. Ghafla kisu kilimdondoka. Macho yakageuka, mwili ukakakamaa. Akaanguka na kuanza kutetemeka, huku povu likimtoka mdomoni.

Violeth alimvuta mbali na jiko la mkaa. Mteja mmoja alitaka kumtia kijiko katikati ya meno. Wengine waliacha chakula wakaondoka. Baadaye Hosiana alitulia, akalala usingizi mzito. Alipoamka hakukumbuka kitu.

Muda si mrefu alianguka tena, safari hii shuleni. Wenzake wakaogopa kukaa naye. Violeth akaona bora mtoto abaki nyumbani kwanza.

Ndipo dereva mmoja, Deusdedit, alipomsomea ujumbe uliokuwa unazunguka kwenye simu.

"Sikiliza, Mama Hosiana. Wanasema huu unga wa kuongeza ladha una kitu kinaitwa glutamati. Kinapanda kichwani, kinaunguza ubongo. Watoto wanapata kifafa."

Paketi ya unga huo ilikuwa mkononi mwa Violeth.

Mama mkwe wake, Bibi Mageni, alikuwa amekuja kutoka Samuye kumwona mjukuu. Aliposikia habari ile alisema taratibu, "Mayu, mama yangu, mtoto huyu amekulia kwenye mchuzi wako. Ulitegemea nini?"

Usiku ule Violeth hakulala. Asubuhi alitupa paketi zote. Siku nyingine akaambiwa kwamba hata nyanya na dagaa wana glutamati. Akaacha nyanya. Akaacha dagaa. Mchuzi wake ukabaki nyama, maji, mafuta na chumvi. Wateja wakahamia mabanda mengine. Hakujali. Alitaka mtoto wake apone tu.

Lakini Hosiana aliendelea kuanguka. Siku moja aliangukia jiko, mkono ukaungua. Violeth na Mayala wakamkimbiza kituo cha afya. Nesi aliyewapokea alikuwa Ritha, jirani yao.

Ritha alisafisha kidonda na kukifunga. Kisha akauliza, "Ameunguaje?"

Violeth akaanza kulia. "Ni mimi, dada Ritha. Nimemuunguza ubongo kwa mchuzi wangu, sasa ameungua na mkono."

Akaeleza yote. Ritha alimwacha amalize.

"Mama Hosiana, hukumuunguza mtoto," alisema. "Ni kweli ubongo una glutamati. Tena unaihitaji. Ubongo umejaa chembe ndogo sana, na chembe hizo zinaongea. Glutamati hubeba ujumbe kutoka chembe moja kwenda nyingine. Inaiambia, amka, fanya kazi. Hata sasa unaponisikiliza, inafanya kazi kichwani mwako. Kuna kitu kingine kinachoziambia chembe zitulie. Mtu akipata kifafa, chembe nyingi huamka kwa pamoja na kushindwa kutulia. Ndiyo maana mwili unatetemeka."

"Na ile ya kwenye mchuzi?" Mayala aliuliza.

"Ni kitu kilekile. Imo kwenye nyanya mbivu, dagaa wakavu, uyoga, na huo unga. Imo hata kwenye maziwa ya mama. Ndiyo inayofanya ulimi uone utamu wa supu. Lakini ukiila, sehemu kubwa inatumika tumboni. Na mishipa ya damu ya ubongo ina ukuta unaochuja. Glutamati ya chakula haipiti hovyo. Ubongo unajitengenezea yake."

Mayala akasema, "Kama pale kwetu bandarini. Mzigo kufika nje ya geti siyo kuingia ndani."

"Umenielewa kabisa, Baba Hosiana."

"Kwa hiyo kifafa kimetoka wapi?" aliuliza Violeth.

"Sababu ni nyingi. Mara nyingine ni homa kali ya utotoni, mara nyingine ni kuumia kichwa. Mara nyingine hatuijui. Lakini dawa ipo. Mpelekeni hospitali Kahama akapimwe. Na akianguka tena, msimtie kitu mdomoni. Msimshike kwa nguvu. Ondoeni moto na vitu vikali, kisha mlazeni ubavu. Akizidisha dakika tano, mkimbizeni hospitali."

Walikwenda Kahama. Daktari aliwauliza maswali mengi, akampima Hosiana na kumwanzishia dawa. Alisema zinywewe kila siku, na wasiziache bila ushauri wake hata mtoto akionekana mzima. Mwanzoni Hosiana alianguka tena. Daktari akaongeza kipimo cha dawa. Baada ya hapo mwezi ukapita bila kuanguka, na mwingine, na mwingine. Hosiana akarudi shule.

Violeth naye akarudi kwenye nyanya. Alizikaanga polepole mpaka zikaiva kabisa, akaweka dagaa waliotwangwa.

"Na unga wa ladha?" Violeth alimuuliza Ritha.

"Kidogo siyo sumu. Ila nao una sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, kwa hiyo punguza chumvi unayotia. Na mteja akisema unamsumbua, mpe kisichokuwa nao."

Harufu ya mchuzi ule ilifika hadi kwenye malori. Deusdedit alikuwa wa kwanza kurudi. Alikula sahani nzima. Kisha akatoa simu, akaufuta ule ujumbe mbele ya Violeth.

Mwaka uliofuata timu ya mpira wa pete ya shule ilicheza na wasichana wa Kagongwa. Mfungaji wa Isaka alikuwa Hosiana. Magoli yalikuwa sawa hadi karibu na mwisho. Akapewa mpira, akasimama chini ya pete, akatulia, akarusha. Mpira ukaingia. Filimbi ikalia. Wenzake wakambeba juu juu.

Mama mmoja kutoka Kagongwa akauliza, "Yule mrefu ni mtoto wa nani?"

Bibi Mageni alisimama. Alikuwa amekuja kutoka Samuye kwa ajili ya mchezo ule.

"Ni mjukuu wangu," alisema, na sauti yake ikasikika mpaka uwanjani. "Ana kifafa. Anakunywa dawa kila siku. Na anakula mchuzi wa mama yake."